Boksi Lililouzwa Kabla Halijaiva

Wadau, leo tupige stori ya nyuma kidogo, ya wenzetu wa Marekani na king'amuzi kimoja kilichowatoa jasho. Ni ya mwaka 2006. Ukiisikia utajua kwamba ile "subiri apdeti" tunayoambiwa kwenye simu zetu haikuanza jana.

Enzi za deki na kanda, mashine ikitoka kiwandani na kasoro ilibaki nayo mpaka inakufa. Kwa hiyo mtengenezaji alilazimika kuimaliza kwanza ndipo aipeleke dukani. Mwaka 1999 ikaingia TiVo, inayorekodi kwenye diski kama ya kompyuta. Unasimamisha mechi inayoendelea, unaenda jikoni, unarudi unaanzia pale pale. Mwaka uliofuata DirecTV, kampuni ya televisheni ya dishi, ikaiweka TiVo ndani ya king'amuzi chake. Watu waliipenda mno, pamoja na rimoti yake yenye umbo la karanga. Mwaka 2004 likaja toleo la picha za HD kwa karibu dola 1,000. Bei ya kuumiza, lakini walinunua.

Shida ikaanzia juu angani. Chaneli za HD zinakula nafasi kubwa, hivyo kampuni ikaamua kutumia setilaiti mpya na mfumo wa kubana picha uitwao MPEG-4, na lile boksi la dola 1,000 halikuuelewa kabisa. Yaani umenunua juzi tu, na chaneli mpya zikija huzioni. Wakati huohuo DirecTV ilikuwa imeangukia mikononi mwa tajiri mmoja wa magazeti mzaliwa wa Australia, ambaye alikuwa na kampuni yake ya programu za ving'amuzi. TiVo ikasogezwa pembeni. Agosti 2006 likaanza kutolewa boksi jipya, HR20, Los Angeles ikiwa ya kwanza.

Na boksi lilikuwa halijaisha. Nyuma lilikuwa na tundu la antena, unachomeka waya, hakuna kitu, kwa sababu programu ya kulifanyisha kazi ilikuwa bado. Hilo si dogo: katika miji mingi wakati ule vituo vya nyumbani vya HD havikupatikana kwa dishi, ilibidi uwe na antena. Tundu la diski ya nje nalo lilikuwa pambo tu. Halafu zikaja vituko vyenyewe. Unabonyeza kucheza kipindi ulichorekodi, boksi linakuuliza papo hapo kama unataka kukitunza au kukifuta, kana kwamba umeshamaliza kutazama! Rekodi nyingine ilikuwa nyeusi tupu. Dawa ilikuwa kufungua kimlango cha mbele panapokaa kadi, ubonyeze kitufe chekundu, kisha usubiri boksi liwake upya. Nyumbani, aliyelileta ndiye aliyelaumiwa.

Wapenda michezo waliumia kivyao. TiVo ilikuwa inatunza dakika 30 zilizopita za chaneli mbili kwa pamoja, kwa hiyo unaruka kutoka mechi hii kwenda ile, unarudi nyuma, hupitwi na kitu. Kwa HR20, ukihama chaneli, ulichokiacha kimepotea. Ilichukua miaka jambo hilo kurekebishwa.

Mimi naona kilichowachoma zaidi ni hesabu. Kuanzia Machi 2006 kampuni iliacha kuuza ving'amuzi, ikaanza kukodisha. Unatoa mamia ya dola mwanzoni, boksi si lako, na umefungwa mkataba wa miaka miwili. Kasoro ni zako, mali ni yao. Mtu akilalamika hapo utamwambia nini?

Alijibiwa kwamba programu mpya inakuja. Na kweli ilikuwa inakuja, tena kutoka angani, usiku wewe umelala. Deki haikuwa na uwezo huo. Ndiyo maana boksi bichi liliweza kuuzwa: mtengenezaji alijua ana nafasi ya kulipika likiwa sebuleni kwako. Setilaiti zina ratiba yake, programu ilikuwa nyuma ya ratiba, na pengo lile likajazwa na mteja.

Wengine walijaza kwa hiari. Kampuni ilikuwa inarusha programu za majaribio, na waliotaka waliwasha boksi upya, kisha skrini ya kwanza ikitokea wanabonyeza 0, 2, 4, 6, 8 kwenye rimoti ili kuzishusha. Asubuhi wanaandika ripoti: hiki kimepona, kile kimeharibika zaidi. Bila malipo! Wao waliona raha kushiriki, wenzao wakawaona vibaraka, na ugomvi ukawa mkubwa kuliko ule wa kampuni na wateja.

Lazima niseme ukweli, boksi liliiva. Antena ikaanza kufanya kazi miezi kadhaa baadaye, vituko vikapungua, na Septemba 2007 chaneli nyingi za HD zilipoanza kushuka kutoka setilaiti mpya, HR20 ilikuwa tayari kuzipokea.

Lakini wapenzi wa karanga hawakusahau. Septemba 2008 ikatangazwa kwamba TiVo inarudi DirecTV, nusu ya pili ya 2009. Ikapita 2009, ikapita 2010. Boksi lenyewe, THR22, lilitoka Desemba 2011. Sura yake ilikuwa ya kizamani, na halikuweza kukuonyesha chumbani kipindi ulichorekodi sebuleni. Yale maboksi ya kampuni, ya ukoo wa lile lililotukanwa 2006, yalikuwa yanafanya hivyo tangu mwaka mmoja nyuma.