Mwalimu Mkongwe na Mchezo Mpya

Mpira wa kikapu unaochezwa leo katika shule zetu, kutoka Kitisuru hadi katikati ya Nairobi, ulitungwa na mwalimu wa chuo. Mwezi wa Desemba 1891, katika mji wa Springfield, Marekani, James Naismith alitundika vikapu viwili vya matunda kwa kimo cha futi 10, akawapa wanafunzi wake kanuni 13, nao wakacheza.

Mwaka 1898 alihamia Chuo Kikuu cha Kansas. Huko timu yake ilishinda michezo 55, ikashindwa 60. Je, si ajabu kwamba mtunzi wa mchezo alishindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda? Yeye aliutaka mchezo ujenge mwili na tabia njema. Wengine walikwisha kuufanya elimu ya ushindi. Mwanafunzi wake, Forrest Allen, alipokea kazi hiyo mwaka 1907, akaja kushinda mamia ya michezo.

Kadhalika walimu wengi waliomfuata walipitwa na mchezo waliodhani wanaujua. Zamani timu iliyotangulia kwa alama iliweza kuushikilia mpira muda mrefu. Mwaka 1956 kanuni za kimataifa ziliweka sekunde 30 za kutupa kikapuni. Mwaka 1984 ukachorwa mstari wa alama tatu. Mwaka 2000 sekunde zikapunguzwa kuwa 24. Mfikirie basi mwalimu aliyezoea kumtafutia mpira, kwa subira, mchezaji mrefu aliye chini ya kikapu. Sasa saa inamhimiza, na kijana mfupi aliye mbali anapata alama tatu kwa mtupo mmoja. Akishikilia ya kale yote, atashindwa. Akiyatupa yote, hana la kufundisha.

Sisi nasi tuna mfano wetu. Mwaka 1993 Kenya ilishika nafasi ya nne katika mashindano ya Afrika yaliyofanyika Nairobi, kisha ikakaa miaka 28 bila kuyarudia. Mwaka 2019 Cliff Owuor aliiongoza timu ya taifa hadi nafasi ya pili katika mashindano ya AfroCan, mjini Bamako. Mwaka 2021 uongozi ulikabidhiwa Liz Mills, mwanamke kutoka Australia, naye Owuor akafanya kazi chini yake kama msaidizi. Mwezi wa Februari, mjini Yaoundé, Kenya iliishinda Angola, iliyokuwa wakati huo bingwa wa Afrika mara 11, kwa alama 74 kwa 73, Tylor Ongwae akifunga katika dakika ya mwisho. Ndipo njia ya kwenda Kigali ikafunguka.

Kushuka daraja moja ili kazi iendelee si jambo jepesi kwa mtu aliyekwisha kuongoza. Lakini kumbuka, msomaji: saa imebadilika, mistari imebadilika, ila kikapu kingali kwenye futi 10 zile zile. Mwalimu mwenye busara hutambua lipi limebadilika na lipi limebaki. Nawe siku moja utakuwa mkongwe wa kazi yako. Anza mapema kujizoeza kuwa mwanafunzi tena.