Viraka vya Majira ya Baridi

Mwaka 1942, katika kijiji cha Gee's Bend jimboni Alabama, Marekani, Missouri Pettway alikuwa amefiwa na mumewe. Nguo za marehemu hakuzigawa wala hakuzifungia sandukuni. Alizichukua zile za shamba, zilizokwisha kupauka kwa jua na jasho, akazikata vipande, akaviunga vipande hivyo mpaka vikawa kitu cha kujifunika usiku. Binti yake Arlonzia alikuja kusimulia miaka mingi baadaye kwamba mama alitaka alale chini ya nguo zile ili amkumbuke mumewe. Kazi hiyo ya mjane leo imo katika National Gallery of Art mjini Washington, na wageni hawaruhusiwi kuigusa.

Kwetu kiraka hakina sifa nzuri. Aliyesoma shule ya msingi akiwa na kaptula ya viraka viwili makalioni, vikimkodolea macho kila aliyeketi nyuma yake, hahitaji kuelezwa. Gee's Bend viraka ndivyo vilivyokuwa joto la nyumba. Chombo chenyewe kina tabaka tatu: juu vipande vilivyoungwa, katikati pamba, chini kitambaa kizima au mifuko ya unga iliyofumuliwa. Tabaka zote hushikwa pamoja kwa mishono midogo ya mkono inayopenya toka juu hadi chini. Wengi wetu tungesema blanketi, yaishe. Lakini Kiswahili kina neno la zamani, mfarishi, na nitalitumia hilo, kwa sababu blanketi hununuliwa dukani na mfarishi hushonwa.

Mto Alabama ukifika wilaya ya Wilcox, kilipo kijiji hicho, hujikunja kama mkia wa mjusi, ukaizunguka ardhi pande tatu. Mwaka 1816 alifika hapo Joseph Gee kutoka North Carolina, akaanzisha shamba la pamba lililolimwa na watumwa. Mwaka 1845 shamba likaangukia mikononi mwa jamaa wa familia hiyo, Mark Pettway, kwa ajili ya kufuta deni. Mwaka uliofuata Pettway alihamia huko na watumwa wake wapatao 100. Yeye na jamaa zake walipanda magari ya farasi. Watumwa walitembea kwa miguu, kilomita 1,000 na ushei. Utumwa ulipopigwa marufuku mwaka 1865, wengi hawakwenda mbali. Walibaki palepale wakilima kwa kugawana mavuno na mwenye ardhi, na jina la bwana likabaki nao. Ndiyo maana katika habari za Gee's Bend karibu kila mtu ni Pettway, hata asipokuwa ndugu wa damu na mwenzake.

Kalenda ya sindano iliamuliwa na pamba. Tangu kupanda hadi kuchuma, mwanamke alikuwa shambani sawa na mwanamume, na ushonaji ulingoja. Mavuno yakiisha, siku zikiwa fupi na giza likiingia mapema, ndipo vipande vilipotolewa vilikohifadhiwa. Kusini mwa Marekani hakuna theluji ya kwenye kadi za Krismasi, na huenda ndiyo sababu watu husahau kwamba usiku wa Januari huko Alabama huweza kushuka chini ya nyuzi sifuri. Nyumba zilikuwa za magogo na mbao zenye nyufa. Upepo ulizibwa kwa magazeti na kurasa za majarida yaliyogandishwa ukutani kwa uji wa unga. Mfarishi mmoja haukutosha. Ilibidi kurundika mmoja juu ya mwingine, na nyumba yenye watoto wengi ilihitaji rundo kubwa.

Pamba ya kujazia ilitoka wapi? Hapa ndipo mambo yanapouma. Watu waliolima pamba mwaka mzima walijifunika makombo yake. Pamba safi ilikuwa ya kulipia deni. Ya mfarishi ilikuwa ile iliyosazwa shambani au kufagiwa sakafuni kwenye kinu cha kuchambulia. Iliwekwa chini ikapigwa kwa fimbo mpaka ikachambuka na kulainika, taka zikapuruzika. Uzi nao mara nyingi ulitokana na mifuko ya unga na ya mbolea: mishono ilifumuliwa taratibu na uzi ukazungushwa tayari kwa kazi nyingine. Hakuna kilichotupwa, na sidhani kuna haja ya kukipamba kitendo hicho kwa maneno ya siku hizi kuhusu mazingira. Hawakuwa na kitu kingine.

Kazi ilikuwa na sehemu mbili, na tofauti yake ni kubwa. Kuunga vipande vya juu kulikuwa shughuli ya mtu peke yake, nyumbani kwake, akiamua mwenyewe bila kuulizwa. Hapo kila mwanamke alitoa yake ya moyoni. Kushona tabaka zote tatu pamoja kulikuwa kazi ya wengi. Fremu ya mbao ilining'inizwa darini, ikashushwa wakati wa kazi, na wanawake wakaketi pande zote. Leo kwa huyu, kesho kwa yule. Waliimba nyimbo za dini, wakasali, wakapashana habari za kijiji. Watoto walicheza chini ya fremu kama chini ya hema, na waliokua wazee husimulia jinsi walivyokuwa wakiitazama sindano ikitokeza upande wa chini na kurudi juu. Wasichana walijifunza hivyo, kwa kutumwa kutunga uzi kwanza, kisha kupewa pembe moja ya kuharibu.

Mitindo ilikuwa na majina. Mmoja waliuita paa la nyumba: mraba katikati, kisha vipande virefu vikiuzunguka tena na tena hadi ukingoni, kama mtu anayetazama paa akiwa angani. Lakini fundi hodari hakuwa mtumwa wa mtindo. Akikosa kitambaa chekundu katikati ya mstari, aliingiza cha kijani na kuendelea. Mstari ukipinda, ulipinda. Kazi isiyofuata mtindo wowote waliiita kwa maneno yenye maana ya njia yangu mwenyewe. Mifarishi ya nguo za kazi ndiyo inayonivuta zaidi. Ukiitazama kwa makini utaona palipokuwa na mfuko: mfuko umebanduliwa, na chini yake jinzi imebaki na buluu yake nzito, huku pembeni jua limeila. Goti la suruali linatambulika kwa weupe wake. Ni kama kusoma daftari la vibarua.

Mwaka 1932 uliwakuta vibaya. Bei ya pamba ilikuwa imeporomoka, na mfanyabiashara wa Camden, mji ulio ng'ambo ya mto, aliyekuwa akiwakopesha mbegu na chakula, alifariki. Familia yake ikataka kulipwa mara moja. Watu waliingia kijijini na kuzivamia kaya zipatazo 60, wakabeba nyumbu, ng'ombe, kuku, majembe, mahindi na viazi vilivyohifadhiwa kwa ajili ya baridi. Shirika la Msalaba Mwekundu lilileta chakula, la sivyo watu wangekufa njaa. Majira yale ya baridi mtu alikuwa na kuta za magazeti, tumbo tupu na mifarishi.

Miaka mitano baadaye serikali ya Rais Franklin Roosevelt ilimtuma mpiga picha Arthur Rothstein. Picha zake za mwaka 1937 zinaonyesha vibanda vya magogo, kuta zilizojaa matangazo ya bidhaa ambazo wenye nyumba wasingeweza kuzinunua, na wanawake wakiwa na mfarishi wao wakiushona. Serikali ilinunua ardhi, ikajenga nyumba mpya, na katika miaka ya 1940 ikawauzia wakulima kwa mikopo nafuu. Jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Weusi wengi vijijini kusini mwa Marekani hawakuwa na ardhi, na waliothubutu kudai haki walifukuzwa kwenye mashamba ya watu. Wa Gee's Bend walikuwa kwao.

Basi walipoanza kwenda Camden kujiandikisha kupiga kura, hawakuweza kufukuzwa. Kilichoondolewa ni kivuko. Mwaka 1962 pantoni ya kuvuka mto ilisimamishwa, na safari iliyokuwa ya dakika chache majini ikawa ya zaidi ya kilomita 60 kwa barabara. Februari 1965 Martin Luther King alifika kijijini kuhutubia. Mwezi uliofuata yalifanyika maandamano ya Selma ya kudai haki ya kupiga kura, na watu wa Gee's Bend walikuwemo.

Mwishoni mwa mwaka huohuo kasisi mmoja mzungu, Francis X. Walter, akizunguka eneo hilo kwa kazi za haki za raia, aliona mifarishi mitatu imeanikwa kwenye kamba. Alinunua kadhaa kwa dola 10 kila mmoja, ikapelekwa New York kupigwa mnada, na mwaka 1966 ukaanzishwa ushirika uitwao Freedom Quilting Bee, ambao wanachama wake walitoka Gee's Bend na vitongoji jirani. Kwa wanawake wengi hiyo ilikuwa mara ya kwanza kushika fedha zao wenyewe zisizotokana na pamba. Maduka makubwa ya New York yaliagiza. Lakini maduka yana masharti: kila kipande kifanane na mwenzake, mishono iwe sawa, rangi ziwe zile za mwaka huo. Mwanamke aliyezoea njia yake mwenyewe aliambiwa afuate mchoro. Mwaka 1972 kampuni ya Sears ikawapa kazi ya kushona foronya za kitambaa cha kodrai. Foronya zilikwenda kwa wateja. Mabaki ya kodrai yalibebwa nyumbani. Mifarishi mizuri kabisa ya miaka ile imetokana na mabaki hayo, ambayo Sears haikuyahitaji.

Sura ya mwisho inajulikana zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mkusanyaji wa sanaa kutoka Atlanta, William Arnett, aliona katika kitabu picha ya mfarishi wa Annie Mae Young ukiwa umetandazwa juu ya rundo la kuni. Alifunga safari kuutafuta. Annie Mae alishangaa mtu kuutaka mfarishi mkuukuu. Mingine kama huo alikuwa ameichoma moto, maana pamba inayofuka moshi hufukuza mbu. Arnett alinunua mamia katika kijiji kizima. Mwaka 2002 maonyesho yalifunguliwa katika Museum of Fine Arts mjini Houston, kisha Whitney mjini New York, na wahakiki wakapigwa na butwaa. Waliyataja majina ya Henri Matisse na Paul Klee. Walikusudia sifa, nami naipokea hivyo, ingawa inanichekesha kidogo: wanawake waliokuwa wakiziba upepo usiwaue watoto wanapewa cheti kwa kufananishwa na wachoraji wa Ulaya ambao hawakupata kuwasikia.

Fedha zilileta maneno, kama zinavyoleta kokote. Mwaka 2007 baadhi ya washonaji, Annie Mae Young akiwa mmoja wao, walifungua kesi dhidi ya Arnett na washirika wake. Walidai hawakulipwa haki yao, ikiwemo kwa mitindo yao kuchapwa kwenye bidhaa za kuuza. Wadaiwa walikana, na mashauri yakamalizwa kwa maelewano mwaka uliofuata. Kabla ya hapo, mwaka 2006, posta ya Marekani ilikuwa imetoa stempu 10 za senti 39 zenye picha za mifarishi hiyo. Mwaka huohuo pantoni ilirudi mtoni, baada ya miaka 44. Na Februari 2018 picha rasmi ya Michelle Obama ilipozinduliwa, mchoraji Amy Sherald alieleza kwamba michoro ya gauni lile refu ilimkumbusha mifarishi ya Gee's Bend.

Zamani, baridi ikipungua, kila nyumba ilitoa mifarishi yake nje ipigwe jua kabla ya kukunjwa. Kijiji kizima kiligeuka rangi kwa siku chache, na mpita njia angeweza kujua nani amemaliza mpya na nani ameiga mtindo wa jirani. Miaka ya karibuni desturi hiyo imefanywa sikukuu ya kila Oktoba: mifarishi hutundikwa kwenye kamba, nyuzio na vibaraza, wageni hufika kwa mabasi, na mmoja mpya huweza kuuzwa kwa maelfu ya dola. Wenyeji huketi kando wakiwa na sindano mkononi. Wakiulizwa bei hutaja bei, kisha wanarudi kwenye mshono.