Shilingi moja, bei mbili: Tanzania na IMF, 1979 hadi 1986

Kama una bibi aliyeishi Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980, muulize alikuwa anafulia nini. Wangu hujibu huku anacheka: majani ya mpapai. Sabuni haikuwepo. Atakusimulia pia unga wa njano wa msaada uliobatizwa jina la "Yanga", na foleni za sukari ambako mtu aliacha jiwe limshikie nafasi akaenda kuteka maji.

Ukiwauliza wasomi kwa nini ilikuwa hivyo, wengi watakutajia Shirika la Fedha la Kimataifa, yaani IMF. Ama lilitunyonga, ama lilitaka kutuokoa tukakataa. Mimi naona ugomvi wote ule unaeleweka vizuri zaidi ukifuata kitu kimoja tu: bei ya shilingi.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1975 baridi kali iliua mikahawa ya Brazil, na kufikia 1977 kahawa ilikuwa inauzwa kwa bei ya ajabu. Tanzania ikajikuta na akiba nzuri ya dola. Wataalamu wa mashirika ya Washington wakashauri: akiba ipo, legezeni masharti ya kuagiza bidhaa. Serikali ikalegeza, na ndani ya 1978 akiba ile ikayeyuka. Hapo hapo Idi Amin akavamia Kagera. Vita ikaisha 1979, gharama yake inakadiriwa kufika dola milioni 500, na mwaka huo huo bei ya mafuta ikapanda tena duniani. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ilikuwa imeshakufa tangu 1977, kwa hiyo nchi ilibidi ijenge upya shirika la ndege, reli na posta. Mwalimu Nyerere akawaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18.

Basi nchi ikaenda kukopa. Ujumbe wa IMF ulipofika Dar es Salaam mwaka 1979 ulikuta Waziri wa Fedha ni Edwin Mtei, aliyekuwa Gavana wa kwanza wa Benki Kuu. Masharti yalikuwa yale ya kawaida: punguzeni matumizi ya Serikali, legezeni udhibiti wa bei, na kubwa kuliko yote, shusheni thamani ya shilingi. Mtei aliona kuna msingi wa kuelewana. Mwalimu hakuona. Mtei akajiuzulu, na siku ya mwaka mpya 1980 Mwalimu akawauliza mabalozi waliokusanyika Dar tangu lini IMF imegeuka kuwa Wizara ya Fedha ya dunia nzima.

Sasa ngoja. Kwa nini watu wazima wagombanie bei ya shilingi kiasi kile? Wakati huo dola moja ilikuwa shilingi 8 na senti kadhaa. Tuseme kilo ya kahawa inauzwa nje kwa dola 3. Mkononi mwa Serikali hizo ni kama shilingi 25, na kabla hazijamfikia mkulima zinapita kwenye mamlaka ya zao, maana vyama vya ushirika vilikuwa vimevunjwa 1976. Mkulima anapata kidogo sana. Ukishusha shilingi hadi 20 kwa dola, kahawa ile ile inaleta shilingi 60, kwa hiyo mkulima anaweza kulipwa vizuri akaongeza bidii. Hiyo ndiyo hoja ya IMF, na siyo ya kijinga.

Ila hoja ya Mwalimu nayo haikuwa ya kijinga. Mkahawa hauzai kwa amri: ukiupanda leo unasubiri miaka mitatu, minne. Mafuta, vipuri na dawa havisubiri, bei yake inapanda kesho yake asubuhi. Mfanyakazi wa Ubungo angelipa sasa, faida ingekuja baadaye, kama ingekuja. Tena kwenye IMF kura zinafuata ukubwa wa mchango wa nchi. Tanganyika ilijiunga mwaka 1962, lakini sauti yake pale ilikuwa kama ya mtoto kwenye kikao cha ukoo.

Kitu ambacho pande zote mbili hazikupenda kukisema kwa sauti ni kwamba shilingi ilikuwa imeshashuka. Mitaani dola iliuzwa kwa bei kubwa mara kadhaa kuliko ya benki. Mpaka na Kenya ulifungwa kuanzia 1977 hadi 1983, lakini magendo yalipita Holili na Tarakea usiku kama kawaida, kahawa ikienda, sabuni ikirudi. Mwenye kibali cha kupata dola kwa bei ya benki alikuwa tajiri bila kutoa jasho. Bibi yangu alikuwa ananunua vitu kwa bei ya mitaani huku mazao yake yakilipwa kwa bei ya benki. Yaani maumivu aliyoyaogopa Mwalimu yalikuwepo tayari, ila hayakuandikwa kwenye bajeti.

Septemba 1980 mkataba na IMF ulisainiwa, ukavunjika baada ya muda mfupi kwa sababu Serikali ilivuka kikomo cha kukopa. Zikafuata programu za kujiokoa wenyewe, 1981 na 1982. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine akaanzisha msako wa wahujumu uchumi, na watu waliogopa hadi wakatupa bidhaa porini. Na unajua nini? Katika miaka hiyo hiyo Serikali iliyokataa kushusha shilingi iliishusha yenyewe, kidogo kidogo, hadi dola ikafika kama shilingi 17 mwaka 1984. Mwaka huo pia wenye dola zao waliruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa walizitoa wapi. Bidhaa zikarudi madukani kabla hata ya IMF kurudi. Wakati huo bei za vitu zilikuwa zinapanda kwa kiasi cha asilimia 30 kwa mwaka, na hata nchi za Nordic, marafiki wakubwa wa Mwalimu, zikawa zinataka tuelewane na IMF kwanza.

Novemba 1985 Mwalimu akang'atuka. Ali Hassan Mwinyi akaingia, na Agosti 1986 mkataba ukasainiwa, dola ikiwa imeshafika shilingi 40 hivi. Haikuishia hapo. Mwishoni mwa 1992 ilipita 300.

Mtei, kwa taarifa yako, alikwenda kuwa mkurugenzi ndani ya IMF yenyewe, akiwakilisha kundi la nchi za Afrika, na 1992 akaasisi Chadema.

Na mkulima? Bei yake ya mazao ilipanda kwa shilingi, hilo ni kweli. Lakini mbolea inaagizwa kwa dola, na ruzuku yake ikaondolewa hatua kwa hatua mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wakulima wa mahindi wa Mbeya, Iringa na Ruvuma wakapunguza mifuko. Hospitali zikaanza kutoza uchangiaji, shule za msingi zikawa na ada, ambayo ilifutwa 2001. Mama yangu mdogo aliishia darasa la tano. Sabuni ilikuwepo dukani wakati huo, anasema, ya kila rangi.