Kabati la Studley: kusoma zana za watu wasioandika

Kuna picha moja ambayo imebandikwa kwenye kuta za karakana nyingi za Marekani tangu jarida la Fine Woodworking lilipoitoa kama bango miaka ya 1990. Inaonyesha kabati la zana lililofunguliwa kama kitabu. Likiwa limefungwa, lina urefu wa mita moja hivi, upana wa nusu mita na kina cha robo mita. Yaani ni dogo kuliko kabati la nguo la mtoto. Ndani mna zana zaidi ya 200: patasi, tupa, bisibisi, koleo, vipimo, randa, misumeno midogo, kila moja kwenye kitundu chake. Nyingine zinaingia kwa mbano kiasi kwamba ukizirudisha unasikia "tik". Randa ndogo kabisa ya kampuni ya Stanley, ile Namba 1 inayotosha kiganjani, imejengewa kiota chake peke yake, kama sanamu ndani ya kijumba.

Mwenye kabati aliitwa Henry O. Studley. Alizaliwa mwaka 1838, akafa mwaka 1925. Alikuwa mtengeneza vinanda na piano huko Massachusetts, kwanza katika kampuni ya Smith Organ, baadaye Poole Piano. Kabati alilijenga kwa mkono wake, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kwa mahogani, rozwudi na ebani, akalipamba kwa vipande vya ganda la chaza na pembe za ndovu. Mwaka 2015 Don Williams alimtolea kitabu kizima, Virtuoso, chenye picha za Narayan Nayar. Ukikisoma unagundua jambo la ajabu: mtu mwenyewe hayumo sana. Hakuacha shajara wala kumbukumbu za maisha yake. Williams analazimika kulisoma kabati, bawaba kwa bawaba, kama sisi tunavyosoma shairi la mtu ambaye hatuna habari zake nyingine.

Nadhani hapo ndipo watu wa fasihi tunapaswa kusogea karibu. Historia ya ufundi imejaa watu ambao hawakuandika, au waliandika na hakuna aliyetunza. Kilichobaki ni masanduku yao.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1936, kisiwani Gotland nchini Sweden, mkulima alikuwa akilima kinamasi kilichokaushwa, mahali paitwapo Mästermyr. Plau ikagonga sanduku la mwaloni lililozungushiwa mnyororo. Ndani na pembeni yake mlikuwa na zana zaidi ya 100 za zama za Waviking, takriban miaka 1,000 iliyopita: nyundo, koleo za mhunzi, tupa, mashoka, misumeno. Fundi yule alikuwa mhunzi na seremala kwa pamoja, maana zana za kazi zote mbili zimo. Alikuwa msafiri pia, kwani sanduku lina urefu wa sentimita 90 hivi, la kubebeka. Jina lake halipo. Lakini mpangilio wa kazi yake tunaujua kuliko tunavyoujua wa wafalme wengi wa wakati ule.

Sanduku la pili lilizama. Meli ya kivita ya Mfalme Henry VIII wa Uingereza, Mary Rose, ilikwenda chini Julai 1545, ikaibuliwa Oktoba 1982. Katika chumba cha maseremala kulikuwa na masanduku ya zana, na pia ubao wa mchezo wa bakgamoni, jambo linalonifurahisha kuliko zana zenyewe. Baharini chuma kililiwa na kutu kikaisha, mbao zikabaki. Kwa hiyo leo kuna mipini bila makali na miili ya randa bila visu. Ni kama barua iliyofutika vitenzi vyote.

La tatu ndilo pekee lenye maandishi. Desemba 1796, Joseph Seaton wa Chatham, Kent, alimnunulia mwanawe Benjamin seti nzima ya zana za useremala kutoka duka la Christopher Gabriel, London. Mwaka uliofuata Benjamin akajenga sanduku la kuzitosha, lenye droo na visanduku vya ndani vilivyopambwa. Orodha ya zana, pamoja na bei zake, ilibaki. Sanduku liko katika jumba la makumbusho la Guildhall, Rochester, na wanahistoria wanalipenda mno kwa sababu ambayo ingemuumiza baba mtu: zana karibu hazikutumika. Fundi anayefanya kazi huchosha patasi, huvunja mpini, hupoteza hiki, huazimisha kile kisirudi. Anachotuachia ni mabaki. Ukamilifu wa Seaton umetokana na kutofanya kazi.

Masanduku haya makubwa yana sababu moja nyuma yake. Kwa karne nyingi seremala wa Ulaya, na baadaye wa Marekani, alikwenda kazini na zana zake mwenyewe. Mwajiri alitoa mbao na ujira. Randa ilikuwa mali ya fundi. Ndiyo maana masanduku yana vitasa. Ndiyo maana pia ukiishika randa ya kale ya Kiingereza utakuta jina limegongwa kwenye ncha yake, na mara nyingi si moja. Majina mawili, matatu, jipya juu ya lililochakaa. Zana ilirithiwa au kuuzwa, kila mwenye nayo akaongeza jina. Wengine, naamini, hawakuacha maandishi mengine popote isipokuwa hayo kwenye kipande cha mti.

Sanduku lilianza kudogoka kiwanda kilipokuja. Fundi wa kiwandani hasafiri. Ana meza yake, na ukuta nyuma ya meza. Kinachofaa hapo ni kabati jembamba la kutundika, kama la Studley. Kwa mafundi wa mashine zana zenyewe zilipungua ukubwa: vipimo vya chuma, vibanio, vitu vya kuwekwa mfukoni. Mwaka 1906 Harry Gerstner wa Dayton, Ohio, alianza biashara ya masanduku madogo ya mbao yenye droo nyembamba zilizotandikwa kitambaa laini cha kijani, na kampuni hiyo ingali ipo. Masanduku ya namna hii mara nyingi huwa na droo moja katikati iliyo ndefu kwenda chini kuliko nyingine. Ya nini? Ya kitabu. Machinery's Handbook, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1914, ni kinene kama tofali lakini kurasa zake ni ndogo, makusudi ili kiingie kwenye sanduku la fundi. Katikati ya spana na vipimo, maktaba ya kitabu kimoja. Sijui kama kuna mwandishi wa riwaya aliyewahi kujengewa droo.

Udogo una adhabu yake lakini. Kabati kubwa linakusamehe: tupa humo, funga mlango. Kabati dogo linataka uamue. Katika kabati la Studley zana zimepangwa safu juu ya safu, baadhi ya sehemu safu tatu, kwa vibao vinavyofunguka kwa bawaba. Ili ufikie ya nyuma lazima ufunue za mbele. Ili ufunge lazima urudishe kwa mpangilio uleule. Kuna wanaosema kabati kama hilo ni la maonyesho, eti hakuna mtu anayeweza kulifanyia kazi. Mimi siafiki. Mtu anayetengeneza mitambo ya piano, ambamo mamia ya vipande vya mti na ngozi lazima visogee bila kugusana pasipostahili, anafikiri hivyohivyo kutwa nzima. Kabati lake ni piano nyingine. Kinachonitia shaka ni mapambo: ile alama ya Freemason, yale matao madogo, vile vipande vyeupe. Hapo Studley hapangi zana tena, anajionyesha. Na kwa nini asijionyeshe? Piano aliyoitengeneza ilitoka kiwandani na jina la kampuni. Kabati ndilo lililokuwa lake.

Gari lilipoenea Marekani, nyumba zikaongezewa chumba cha gari, na zana zikahamia humo. Kwetu gereji ni mahali pa fundi: unapeleka gari gereji, unalipa, unarudi kesho kusikia bado. Kule ni sehemu ya nyumba, na mwenye nyumba ndiye fundi wa mwisho wa juma. Huyu hana meza ya kiwandani wala ujira, lakini tatizo lake ni lilelile la Studley, vitu vingi na ukuta mmoja, ukiondoa nafasi ya gari. Akajibu kwa makabati madogo ya ukutani na ubao wenye matundu, kila zana ikining'inia penye umbo lake lililochorwa kwa kalamu. Mfano maarufu kuliko yote, hata hivyo, umo jikoni. Paul Child alimtundikia mkewe, mpishi Julia Child, sufuria zote katika nyumba yao ya Cambridge, Massachusetts, akachora umbo la kila moja ukutani. Mwaka 2001 jiko lile lote lilikwenda Smithsonian, Washington, taasisi ambako kabati la Studley pia liliwahi kuonyeshwa. Mantiki ya mchoro ule ni kwamba pengo nalo linasema. Mafundi wa ndege hupanga zana zao hivyohivyo, kwa sababu umbo lililo wazi mwisho wa zamu maana yake bisibisi huenda imebaki ndani ya injini.

Sasa turudi kwenye vile vipande vyeupe, maana kuna pengo hapo pia.

Biashara ya piano katika New England ya wakati wa Studley ilikula pembe za ndovu kuliko tunavyoweza kufikiri. Miji ya Deep River na Ivoryton, Connecticut, iliishi kwa kazi hiyo: pembe zilikatwa vipande vyembamba vya kufunika vibonye vya piano, kisha vikaanikwa juani kwa wiki nyingi katika vibanda vya vioo ili viwe vyeupe. Jina Ivoryton lenyewe ni mji wa pembe. Na pembe nyingi zilipitia Zanzibar. Marekani ilikuwa na mkataba na Seyyid Said tangu 1833, na balozi wake mdogo kisiwani tangu 1837, mfanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Meli zilileta kitambaa cha viwanda vya huko, ambacho hadi leo tunakiita merikani, zikaondoka na pembe. Pembe zilifika pwani mabegani mwa watu: wapagazi wa Kinyamwezi waliofanya kazi hiyo kwa ujira na kwa sifa, na watumwa ambao hawakuulizwa. Kutoka Ujiji, kupitia Tabora, hadi Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu.

Katika vitabu vya zana, sehemu hii huwa neno moja ndani ya orodha ya malighafi: mahogani, rozwudi, ebani, ganda la chaza, pembe. Mara moja, mkato, tunaendelea. Watu wanaoweza kukueleza aina ya chuma cha kila patasi na kiwanda kilichoifua hawana sentensi kwa ajili ya pembe. Simlaumu Studley, kwake ilikuwa kitu cha kazini, kama gundi. Ila kama tumekubali kulisoma kabati kwa sababu mwenyewe hakuandika, basi tulisome lote. Mpagazi naye hakuandika, na hakuwa na sanduku. Alichobeba kilikatwa, kikaanikwa, kikawa sauti sebuleni kwa watu huko Boston, na kidogo kikapachikwa kwenye kabati la fundi mmoja.

Kabla ya kufa, Studley alimpa rafiki yake kabati hilo. Likakaa katika familia ile hadi kwa mjukuu, likapelekwa Smithsonian kwa mkopo, kisha likauzwa kwa mtu binafsi. Mei 2015, kitabu cha Williams kilipotoka, lilionyeshwa kwa siku chache huko Cedar Rapids, Iowa. Watu walikata tiketi, wakaingia kwa makundi, wakalitazama. Kisha milango ikafungwa, na kabati likarudi kwa mwenyewe.