Buriram United: Klabu iliyonunuliwa, ikahamishwa, kisha ikatawala soka ya Thailand

MKOA wa Buriram uko kaskazini mashariki mwa Thailand, takriban kilomita 400 kutoka Bangkok, katika nyanda za Isan ambako wengi hulima mpunga na vijana huenda mbali kutafuta vibarua. Zamani wageni waliofika huko walivutiwa zaidi na Phanom Rung, hekalu la mawe lililojengwa na Wakhmer juu ya mlima wa volkano iliyozimika. Siku hizi jina la mkoa huo hutajwa barani Asia kwa sababu ya kandanda. Msimu wa 2024-25 ulipokamilika, klabu ya Buriram United ilikuwa imetwaa ubingwa wa ligi kuu ya Thailand mara 11, idadi ambayo haijafikiwa na klabu nyingine tangu ligi hiyo ianzishwe mnamo 1996.

Hata hivyo, taji la kwanza kati ya hayo 11 halikushindwa na watu wa Buriram. Lilinyakuliwa mnamo 2008 na timu ya Mamlaka ya Umeme ya Mikoa, shirika la serikali linalofahamika kwa kifupi kama PEA. Timu hiyo ilianzishwa mnamo 1970 kwa ajili ya wafanyakazi wa shirika hilo, na ilipotawazwa bingwa makao yake yalikuwa Ayutthaya, mji wa kale uliokuwa makao makuu ya ufalme wa Siam hadi ulipoteketezwa na Waburma mnamo 1767.

Ili kuelewa jinsi bingwa wa nchi anavyoweza kuchukuliwa kutoka mji mmoja na kupelekwa mwingine, yafaa kukumbuka soka ya Thailand ilivyokuwa wakati huo. Kwa muda mrefu ligi ilikuwa mali ya jiji kuu na taasisi zake. Bingwa wa kwanza alikuwa Bangkok Bank. Baadaye likaja jeshi la wanahewa, kisha benki ya Krung Thai na shirika la tumbaku. Timu hizo zilikuwa na mishahara ya uhakika lakini mashabiki wake walikuwa haba. Mikoa ilikuwa na ligi yake ya kando, na ilikuwa Chonburi, klabu iliyotoka katika ligi hiyo, iliyowashangaza wengi kwa kutwaa ubingwa wa nchi mnamo 2007. Muda mfupi baadaye Shirikisho la Soka barani Asia (AFC) likashurutisha klabu za ligi kuu kusajiliwa kama kampuni na kuendeshwa kibiashara. Mashirika kadhaa yakaona mzigo umezidi, yakaanza kuzitoa timu zao kwa yeyote aliyekuwa tayari kuzichukua.

Aliyejitokeza kuichukua PEA mwishoni mwa 2009 ni Newin Chidchob, mwanasiasa wa Buriram ambaye baba yake, Chai, alikuwa spika wa bunge wakati huo. Newin mwenyewe alikuwa nje ya ulingo. Mnamo Mei 2007 mahakama ilikuwa imekivunja chama cha Thai Rak Thai cha Thaksin Shinawatra na kuwapiga viongozi wake 111, Newin akiwemo, marufuku ya kutoshiriki siasa kwa miaka mitano. Marufuku hiyo haikummaliza nguvu. Desemba 2008 wabunge waliomfuata waliuhama upande wa Thaksin, wakamwezesha Abhisit Vejjajiva kuwa waziri mkuu, na wakajikusanya katika chama cha Bhumjaithai. Mtu wa namna hiyo anaponunua timu ya mpira na kuileta nyumbani, ni vigumu kuamini kwamba alivutiwa na mpira peke yake.

Msimu wa 2010 timu ilicheza kwa jina la Buriram PEA na kumaliza ya pili nyuma ya Muangthong United. Mkufunzi wake alikuwa Attaphol Buspakom, aliyekuwa ameiongoza Muangthong hiyo hiyo kutwaa ubingwa mwaka uliotangulia. Mnamo 2011 ikazoa ligi, Kombe la FA na Kombe la Ligi kwa mpigo. Mwaka huo huo uwanja mpya ulifunguliwa baada ya ujenzi uliochukua muda usiofika mwaka. Uwanja huo hauna njia ya riadha, hivyo shabiki huketi karibu kabisa na mstari. Mwanzoni ulichukua watu 24,000, kisha ukapanuliwa hadi zaidi ya 32,000. Mashabiki huuita Ngome ya Radi, jina linalooana na hekalu la Phanom Rung lililochorwa kwenye nembo ya klabu.

Lilizuka suala moja ambalo husahaulika. Mkoa ulikuwa na timu nyingine, Buriram FC, iliyopanda daraja hadi kufuzu kwa ligi kuu. Timu mbili za nyumba moja hazingeweza kukaa katika ligi moja. Ile ya pili ikauzwa, ikapelekwa Songkhla, kusini mwa nchi. Ile iliyonunuliwa ikabaki, ikaachana na herufi za shirika la umeme na kuanzia 2012 ikaitwa Buriram United. Kwa ufupi, timu iliyokulia mkoani ndiyo iliyohama, na mgeni akarithi jina.

Barani Asia klabu haikukawia kujitambulisha. Katika Ligi ya Mabingwa ya 2012 iliwalaza mabingwa wa Japani, Kashiwa Reysol, 3-2 nyumbani, kisha ikaenda China na kuichapa Guangzhou Evergrande 2-1. Mwaka uliofuata ilifika robo fainali, ikatolewa na Esteghlal ya Iran. Mmoja wa waliong'aa katika miaka hiyo ya mwanzo ni Frank Acheampong wa Ghana, ambaye aliondoka Buriram mapema 2013 kujiunga na Anderlecht ya Ubelgiji.

Nyumbani, vijana hao walimaliza ligi ya 2013 bila kushindwa, wakarudia ajabu hiyo mnamo 2015, msimu ambao Mbrazili Diogo alicheka na nyavu mara 33. Mwaka uliowauma zaidi bila shaka ni 2019. Siku ya mwisho walitoka sare ya 1-1 na Chiangmai huku Chiang Rai United ikiicharaza Suphanburi 5-2. Timu hizo mbili zikawa na pointi 58 kila moja, na Chiang Rai ikatawazwa kwa sababu ya matokeo ya mechi zao zilipokutana. Kuanzia msimu wa 2021-22 Buriram ilishinda ligi mara nne mfululizo, na Mei 2025 ikaongeza ubingwa wa klabu za Kusini Mashariki mwa Asia kwa kuilaza Cong An Ha Noi ya Vietnam kwa mikwaju ya penalti.

Wakosoaji husema mafanikio hayo yanategemea mfuko na mkono wa mtu mmoja, na hoja yao si ya kupuuzwa. Lakini fedha hazikuishia kwa wageni. Kituo cha klabu cha kukuza vipaji kilimlea Suphanat Mueanta, aliyefunga bao katika ligi kuu mnamo 2018 akiwa na umri wa miaka 15. Kando ya uwanja kulijengwa barabara ya mashindano ya magari na pikipiki, iliyofunguliwa 2014, ambako mbio za dunia za MotoGP zimekuwa zikifanyika tangu 2018. Siasa nazo hazikukaa mbali: Septemba 2025 kiongozi wa Bhumjaithai, Anutin Charnvirakul, alichaguliwa na bunge kuwa waziri mkuu.

Ayutthaya, mji uliopokonywa bingwa wake, ulisubiri muda mrefu. Klabu yake nyingine, Ayutthaya United, ilihangaika katika madaraja ya chini kwa miaka mingi, hadi ilipopanda kwa mara ya kwanza kucheza ligi kuu msimu wa 2025-26, katika ligi ile ile ambayo Buriram iliingia ikiwa bingwa mtetezi.