Njia Zinazomfikisha Msomaji kwenye Fasihi ya Kisasa ya Dunia

Riwaya au diwani haivuki mpaka wa lugha kwa ubora wake pekee. Huvushwa na mfasiri, mhariri wa jarida, mchapishaji na jopo la tuzo. Hao ndio wanaoamua ni kazi ipi itamfikia msomaji wa mbali na ipi itabaki ilikozaliwa. Makala hii inazichunguza njia hizo na kutetea hoja moja: msomaji wa Kiswahili ataijua fasihi ya dunia kwa upana pale lugha yake itakapozipokea kazi hizo moja kwa moja kutoka lugha zilimoandikwa.

Jarida mara nyingi hutangulia kitabu, kwa sababu hadithi fupi au mashairi machache hutafsirika kwa gharama ndogo na kumpima mwandishi mgeni mbele ya wasomaji. World Literature Today, lililoanzishwa mwaka 1927 katika Chuo Kikuu cha Oklahoma, limefanya kazi hiyo kwa karibu karne nzima. Words Without Borders limechapisha tafsiri kwenye intaneti tangu mwaka 2003. Barani Afrika, mwaka 2016 jarida la Jalada lilitoa hadithi ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyoandikwa kwa Kikuyu pamoja na tafsiri zake katika lugha zaidi ya 30, nyingi zikiwa za Kiafrika.

Tuzo hufuata, nazo zina nguvu kubwa zaidi sokoni. Tangu mwaka 2016, International Booker hutolewa kila mwaka kwa kitabu kimoja kilichotafsiriwa kwa Kiingereza, na pauni 50,000 hugawanywa sawasawa kati ya mwandishi na mfasiri. Mwaka huo ilimwendea Han Kang wa Korea Kusini kwa The Vegetarian. Mwaka 2024 mwandishi huyo akatunukiwa Nobeli. Kihindi kiliipata International Booker kwa mara ya kwanza mwaka 2022 kupitia Geetanjali Shree, na Kikannada mwaka 2025 kupitia Banu Mushtaq. Hata hivyo, kitabu hakishindanishwi mpaka kwanza kiwe cha Kiingereza na kichapishwe Uingereza au Ireland. Lugha isiyo na wafasiri wa kuelekea Kiingereza hubaki nje ya mlango huo, hata waandishi wake wawe mahiri kiasi gani.

Mfano wa Oman unaonyesha gharama ya kutegemea mlango mmoja. Riwaya ya Jokha Alharthi, Sayyidat al-Qamar, ilitoka kwa Kiarabu mwaka 2010. Dunia iliifahamu zaidi baada ya tafsiri ya Marilyn Booth kushinda International Booker mwaka 2019, ikiwa kazi ya kwanza ya Kiarabu kufanya hivyo. Inasimulia maisha ya dada watatu katika kijiji cha al-Awafi, pamoja na ya watumwa na wazao wao. Mambo hayo hayapo mbali na pwani ya Afrika Mashariki: Sayyid Said, mtawala wa Oman, aliufanya mji wa Zanzibar kuwa makao ya utawala wake, na Kiswahili kinazungumzwa Muscat hadi leo. Riwaya ya jirani wa karibu ilipata sauti kwa kupitia London.

Kiswahili hakikosi uwezo wa kupokea. Julius Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare katika miaka ya 1960. Clement Ndulute alitafsiri Things Fall Apart ya Chinua Achebe kwa jina la Shujaa Okonkwo. Paul Sozigwa alileta Wimbo wa Lawino wa Okot p'Bitek. Mwaka 2022 Ida Hadjivayanis alitoa Peponi, tafsiri ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah, miaka 28 baada ya kitabu hicho kuchapishwa na mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Nobeli. Hata katika orodha hii fupi, Kiingereza kimetawala.

Inaweza kudaiwa kwamba soko la vitabu vya Kiswahili ni dogo na wajuzi wa Kikorea au Kihungaria ni wachache. Kwa lugha kama hizo, kupitia Kiingereza kunakubalika. Lakini Kiarabu kina wajuzi Zanzibar, Mombasa na Muscat, na Kifaransa kinao Bujumbura na Lubumbashi. Pa kuanzia ni hadithi fupi na mashairi katika majarida ya vyuo vikuu. Tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa udhamini wa kampuni ya Mabati na Chuo Kikuu cha Cornell imethibitisha kwamba fedha na heshima huwavuta waandishi. Tuzo ya tafsiri ingewavuta wafasiri vivyo hivyo. Wachapishaji, vyuo na mabaraza ya Kiswahili wanapaswa kuianzisha, na kumlipa mfasiri kama mwandishi.