Leo ya Babu

Mwezi Machi 2025 nilifungua faili la mahojiano niliyofanya Liuli, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, nikakuta juu yake tarehe ya siku hiyo hiyo. Babu niliyemhoji alikuwa ameshazikwa wiki mbili nyuma. Kwa mujibu wa kompyuta yangu, alikuwa amezungumza nami asubuhi ile.

Kosa lilikuwa langu. Jioni ya mahojiano nilirudi Mbinga mjini, na kwa uchovu, badala ya kuichapa tarehe mwenyewe, nikabonyeza Alt, Shift na D kwa pamoja. Katika Word, njia hiyo ya mkato huweka tarehe inayofuata saa ya kompyuta. Hubadilika kila faili linapofunguliwa siku nyingine. Kwa barua ya ofisini huo ni msaada. Kwa ushahidi wa historia ni balaa.

Na mimi nilikwenda Liuli kwa sababu ya tarehe. Wajerumani waliiita bandari ile Sphinxhafen, kwa ajili ya mwamba unaofanana na Sphinx ya Misri. Agosti 1914 meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Uingereza ilikuwa imetangaza vita dhidi ya Ujerumani tarehe 4 mwezi huo, lakini habari zilikuwa hazijamfikia nahodha Berndt. Meli ya Waingereza, Gwendolen, ikatokea na kufyatua mzinga. Inasimuliwa kwamba Berndt aliifuata kwa mtumbwi, akamuuliza kwa hasira rafiki yake, nahodha Rhoades, kama amelewa. Akachukuliwa mateka. Rhoades alikuwa ameshaingia vitani. Berndt, kwenye maji yale yale, alikuwa bado anaishi katika amani.

Ukiondoa tarehe, kisa hicho kinabaki kichekesho cha marafiki wawili. Tarehe ndiyo inayotuambia nani alijua nini, na alikijua lini.

Babu alinisimulia habari hizo kama alivyozisikia kwa wazee wake, tukiwa tumekaa karibu na chanja za usipa. Nilipotaka kuaga, akanizuia.

“Mjukuu wangu, andika kwamba nimesema leo. Kesho naweza kukumbuka vingine.”

Leo yake niliikuta kwenye daftari, kwa kalamu ya wino: Alhamisi, 14 Novemba 2024. Ningeweza kuigandisha tarehe ya kwenye faili kwa Ctrl, Shift na F9, lakini ningekuwa nimeugandisha uongo, kwa kuwa amri hiyo hushika tarehe inayoonekana wakati huo. Nikaifuta, nikaichapa ile ya daftari tarakimu kwa tarakimu, kama maneno ya kawaida. Siku hizi, nikiingiza tarehe kwa menyu, kwanza nahakikisha kile kiboksi cha kujisasisha hakina alama ya vema.

Msimamizi wangu alipoisoma sura ile, aliuliza swali moja tu: mzee huyu alihojiwa mara ngapi? Nikamjibu mara moja. Sikurudi kesho yake kumuuliza kama amekumbuka vingine.